Vigingi Vilivyochipua kwa Kukhu Rasoa

Nyinyi wagani wa siku hizi mna raha sana. Mkulima anapiga picha ya jani la mhindi, anaitupa kwenye grupu, na wewe umeketi Kakamega mjini na chai yako unamjibu, "Weka mbolea ya kukuzia." Kazi kwisha. Sisemi ni vibaya. Hata mimi mstaafu bado wananitumia picha, na juzi mama mmoja alinitumia picha ya kuku akiuliza kama amelala au amekufa. Lakini wanangu, picha haionyeshi mteremko. Haionyeshi nani haongei na nani. Na katika miaka yangu yote ya ugani sijawahi kukutana na shida ya udongo ambayo haikuwa na watu ndani yake.

Mimi waliniita Bwana Shamba. Ndiyo, mimi mwanamke, mama wa watoto, na leso yangu kiunoni. Mwanzoni nilikuwa nasahihisha watu, nikachoka. Mzee mmoja pale Mayoni alinisalimia barabarani, "Bwana Shamba, habari ya bwana yako?" akaona hajakosea popote. Nikajibu kwamba bwana wa Bwana Shamba hajambo. Tangu siku hiyo niliacha kusahihisha, nikaona jina likinipa mlango wa kuingia kila boma, basi acha waniite wanavyotaka.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Lihanda, mkubwa wangu wa kwanza, mtu mnene mwenye kicheko cha kuamsha mbuzi. Nilitoka chuoni kichwa kimejaa asidi ya udongo na nafasi ya kupanda. Yeye akanipa mambo mawili tu. La kwanza, ukifika kwa mtu usianze na shamba. Anza na mulembe, salamu yetu, uliza mama mkwe, uliza ng'ombe, uliza ule mguu uliokuwa ukimsumbua; shamba litajileta lenyewe. La pili, mvua ikinyesha, toka nje. "Jua likiwaka kila shamba ni zuri," alikuwa akiniambia. "Wewe nenda wakati maji yanatembea. Yafuate. Yatakuonyesha udongo unaibiwa na nani na unapitishwa wapi."

Basi mara ya kwanza kumtii, nilivaa gambuti, nikashika mwavuli, nikaingia shamba la mtu nisiyemjua huku mvua inapiga. Natembea nimeinama kando ya mtaro, macho chini. Mwenye shamba akachungulia mlangoni, akapaza sauti, "Mama! Umepoteza nini?"

"Ninafuata maji!" nikamjibu.

Alinitazama kidogo, kisha akafunga mlango na komeo. Kesho yake sokoni walikuwa wanasema serikali imetuletea mwendawazimu, na tena huyu ana mwavuli. Nilirudi kwa Mzee Lihanda nimenuna. Akacheka mpaka akashika meza, halafu akaniuliza, "Lakini maji yalienda wapi?" Nilikuwa najua. Nilijua mpaka shimo la panya yalipoingilia. Akasema hapo sasa nimeanza kazi.

Ni maji hayohayo yaliyonipeleka kwa Kukhu Rasoa. Kukhu ndiyo nyanya kwetu huku, na huyu alikuwa kukhu wa kila mtu, mwembamba, mdogo wa mwili, na sauti haikulingana kabisa na huo mwili. Boma lake lilikuwa upande wa Malava, kwenye mteremko unaotoka barabara ya juu mpaka kijito cha chini. Hiyo ilikuwa miaka yangu ya mwisho kazini, pikipiki ya ofisi nimeshaizoea na mgongo umeshaanza kulalamika.

Nitawaeleza hilo shamba lilivyokuwa, kwa sababu mtayakuta mengi ya namna hiyo. Mume wake alipoona siku zake zimekaribia, aliwagawia wana wake wawili jinsi tunavyogawanyanga huku: kila mmoja kipande kirefu, chembamba, kichwa barabarani na miguu mtoni. Huwezi kumlaumu mzee. Kila mtoto apate barabara, kila mtoto apate maji, haki imetendeka. Ubaya ni kwamba trekta ikiingia kwenye kipande chembamba namna hiyo haiwezi kugeuka kukata mteremko. Inalima kwenda chini, inalima kurudi juu. Kila mfereji wa jembe unakuwa bomba la kupeleka udongo wenu kijitoni. Halafu ukapanda miwa juu mpaka chini, mahindi ukaenda kununua sokoni, na ukishangaa kwa nini miwa ya kila msimu inakonda, unamlaumu jirani mwenye jicho baya.

Katikati ya vile vipande viwili kulikuwa na njia ya miguu ya kwenda mtoni. Hiyo ndiyo ilikuwa mpaka. Juu barabarani mpaka ulikuwa umepandwa ule mti wetu wa mpaka, wenye shina jembamba na majani marefu kama ya mhindi, na chini mtoni vilevile. Hapo kati ni njia tu. Na mzee, kwa hekima yake, alisema azikwe kando ya hiyo njia, pale karibu na nyumba ya mkewe, ili mwana yeyote asije akasema baba ni wake peke yake. Kwa wana ilikuwa akili nzuri. Kwa maji ilikuwa balaa, kwa sababu maji ya barabara yote yalijifunza ile njia, na njia ikawa korongo.

Siku ya kwanza kumwona Kukhu Rasoa, mvua ilikuwa inanyesha, ile ya kwetu ya alasiri isiyojua huruma. Nilikuwa nimefuata maji kutoka barabarani, nikayakuta yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, yananguruma. Huko chini nikamwona mama mzee amejifunika gunia kichwani, anaburuta shina la mgomba.

"Kukhu! Mulembe! Unafanya nini mvuani?"

"Mulembe, mwanangu. Ninamkingia mzee."

Nikatazama. Kaburi lilikuwa pale, na ukingo wa korongo ulikuwa umelikaribia kiasi kwamba ningeweza kusimama na mguu mmoja kaburini na mwingine hewani. Alikuwa amepanga mawe, migomba, hata sufuria iliyotoboka. Nilitupa mwavuli, tukaburuta migomba pamoja. Baadaye jikoni, tukiota moto, aliniambia bila kulia, akipuliza kuni:

"Hii shimo ilikuwanga kule chini kwa mparachichi. Inapanda. Kila mvua inapanda. Mvua mkubwa ikikuja itamchukua mzee impeleke mtoni, na mimi nimewekewa mahali pale kando yake. Sasa wewe Bwana Shamba niambie, mimi nitalala wapi?"

Niliwahi kuulizwa maswali mengi kazini, ya viwavi, ya mbegu feki, ya ng'ombe aliyekataa dume. Hilo lilinikaa kifuani. Nilipanda pikipiki nikiwa na machozi, na nashukuru mvua ilikuwa bado inanyesha nikapata kisingizio.

Dawa yenyewe haikuwa ngumu. Unachimba mtaro kukata mteremko, juu ya boma, na udongo unautupa upande wa juu ujenge tuta. Hiyo ndiyo tunaita fanya juu. Juu ya tuta unapanda majani ya nepia yashike udongo, na ng'ombe apate chakula. Maji yanafika kwenye tuta, yanatulia, yanayopenya yanazama mtaroni polepole. Lakini mtaro haujui mpaka. Lazima ukate vipande vyote viwili, usawa mmoja. Ukichimba kwa ndugu mmoja tu, umemkusanyia mwenzake maji yote na kumfungulia mlango. Na hawa ndugu walikuwa hawaongei.

Mkubwa aliitwa Makokha, mtu wa miwa, mwenye maneno mengi na kofia moja. Mdogo aliitwa Murunga, aliuza mbao pale soko la Malava, mtulivu, lakini akikasirika masikio yake yalikuwa yanatangulia. Waligombana kwa sababu ya trekta. Makokha alipolimiwa, dereva alikata njia kidogo. Murunga alipolimiwa, akaambia dereva wake arudishe, na aongeze cha juu kidogo. Njia ikawa inahama kila msimu kama ng'ombe aliyefungwa kwa kamba mbovu. Wahenga wanasema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mimi jembe lenyewe ndilo lilikuwa limenileta pale, sasa ningeenda kulima wapi?

Nikaanza na Makokha. Tuliongea habari za mama mkwe, mguu, ng'ombe, mpaka shamba likajileta. Akasema, "Mimi niko tayari, Bwana Shamba. Hata leo. Lakini yule bwana wa mbao hatakubali, na mimi siwezi kumwomba."

Nikaenda kwa Murunga sokoni. Akanikaribisha soda, akanisikiliza, akasema, "Kupima si kuchimba. Pima. Lakini asiguse upande wangu na jembe mpaka aje mwenyewe aniombe."

Yaani mama yao analala akisikiliza mvua, na hawa wawili wanagojeana kama maharusi! Hata hivyo ruhusa ya kupima ni ruhusa. Nilimwambia Makokha aandae vigingi, nikaja asubuhi na kamba yangu na pima maji. Mnajua inavyofanya kazi: fito mbili, kamba katikati, pima maji inaning'inia kwenye kamba, mmoja anapanda na kushuka mpaka kile kipovu kikae katikati, hapo unapiga kigingi. Hakuna haja ya umeme wala mtandao. Vigingi vya Makokha vilikuwa vizuri ajabu, vimenyooka, laini kuchonga, vinaingia ardhini kama kisu kwenye ugali. Nikamsifu. Tukapiga kutoka ukingo wake, tukaruka njia, tukapita shamba la Murunga mpaka mwisho. Mstari safi uliopinda na mteremko. Nikaenda zangu, nikaitwa semina, nikaugua malaria, na mvua ndogondogo zikaanza.

Sasa sikilizeni. Makokha alikuwa amepunguza ile miti ya mpaka barabarani ili trekta ipite, na vijiti vilikuwa vimelala pale kwa rundo. Aliona tu ni vijiti, akavichonga. Mimi niliona ni vigingi. Na mnajua ule mti: ukate, uchome kwenye matope, ugeuke kuangalia upande mwingine, umeshaota.

Simu ikaingia nikiwa bado kitandani. Ni liguru, mzee wa kijiji wa huko. "Bwana Shamba, unatakikana. Umekata shamba la watu."

"Mimi?"

"Wewe na Makokha. Murunga ametoka sokoni akakuta mpaka mpya umepandwa umepita katikati ya shamba lake. Umeota majani. Anasema mmemnyang'anya upande wa chini wote."

Kwanza nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu huku kwetu mti huo si kitu cha kuchezea. Unapandwa mbele ya mashahidi, na ukishaota hakuna mtu wa kuung'oa peke yake. Atakayeung'oa gizani ameivunja familia. Ni lazima ukoo mzima usimame, aliyeupanda ajitaje, kisha ung'olewe mbele ya macho ya wote. Kumbe ningepiga vigingi vya mkalitusi tu, nisingekuwa na hadithi.

Nilifika nikakuta watu wamejaa bomani, wengine wamekuja kwa ukoo, wengine wamekuja kwa sinema. Ndugu wawili wamesimama mbali mbali. Masikio ya Murunga yalikuwa mekundu. Kukhu Rasoa ameketi kwenye kigoda kando ya kaburi, mikono magotini, anatazama korongo. Lilikuwa limeongezeka. Ile sufuria iliyotoboka haikuwepo tena.

Nikaombwa nieleze. Nikaeleza vizuri sana, mteremko, usawa, kipovu cha pima maji. Hata mimi nilijipenda. Liguru akanisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole, "Bwana Shamba, mti ya kupimia haiotangi majani."

Watu wakaitikia, "Ni kweli!"

"Ni bahati mbaya tu, mzee. Vijiti vilikuwa vimekatwa..."

"Tena umekubali vimekatwa kutoka mpakani!" Murunga akaruka. "Si mnasikia? Wametoa mpaka juu wakaleta katikati!"

"Nani anataka shamba lako la mawe?" Makokha akamjibu, lakini akimwangalia liguru, maana hata katika kutukanana hawakuwa wanazungumza.

Liguru akainua fimbo. "Nauliza mara moja. Nani amepanda hii mpaka? Aliyepanda aseme, ing'olewe, tuende nyumbani."

Makokha akatazama viatu vyake. Akisema ni yeye, amejiita mwizi wa ardhi mbele ya ukoo. Nilikuwa najua kitakachofuata: vigingi ving'olewe, mtaro usichimbwe, hawa wawili wafunge milango kabisa, na mvua kubwa zilikuwa njiani. Murunga akachoka kungoja, akakunja mikono ya shati, akaelekea kigingi cha kwanza.

"Weka mkono chini."

Ilikuwa sauti ya Kukhu Rasoa. Alisimama, akajikung'uta leso, akasema kwa utulivu kama anayeomba chumvi, "Ni mimi nimepanda."

Mimi nilifungua mdomo. Makokha akafungua wa kwake. Yule mama akatugeukia, akatupa jicho ambalo mama anampa mtoto kanisani, na midomo yote miwili ikajifunga.

"Mama, wewe?" Murunga akasema. "Wewe huwezi hata kuinama!"

"Kama kuna mtu ameona nikipanda, aseme," Kukhu akasema. "Na kama kuna mtu ameona sikupanda, naye aseme."

Hebu jibuni hilo. Liguru alikuna kidevu, na niliona tabasamu limemtoka pembeni akalirudisha haraka.

Kukhu akaendelea. "Baba yenu aliwakata kutoka juu mpaka chini. Mimi nimekata kutoka hapa mpaka pale. Juu ya hii mstari, mvua ikae huko. Chini ni kwa baba yenu na mimi. Mvua isivuke. Anayetaka kung'oa, ang'oe. Lakini akimaliza kung'oa miti, ang'oe na baba yake pia, ambebe, amuweke pale kwa mbao yake au pale kwa miwa yake, kwa sababu hapa hatapona hii mvua. Na mimi mnifuatishe huko."

Nilimwona Murunga anatazama kaburi, na sidhani alikuwa amelitazama vizuri kwa muda mrefu, maana yeye alikuwa akipita asubuhi kwa boda akirudi jua limezama. Ukingo ulikuwa umefika kwenye msalaba. Masikio yake yakapoa. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, sikujua imefika hapo."

"Ungejuaje? Uliacha kupita hii njia."

Liguru akatoa neno lake, na hilo neno ningelipa cheti kama ningekuwa na chuo. Alisema mpaka umepandwa na mzazi, umeota, kwa hiyo umesimama. Na kila mtu anajua kazi ya mpaka: wa huku anatunza upande wake, wa kule anatunza upande wake. "Bwana Shamba atawaonyesha unatunzwa namna gani." Kikao kikafungwa. Nyinyi mkiandika ripoti, msiandike hivyo. Mimi niliandika kwamba jamii imehamasishwa.

Tulianza kuchimba mara moja, mbingu zikinguruma upande wa msitu. Makokha akaanzia ukingo wake, Murunga akaanzia wake, wakutane njiani. Bado hawakuongea! Nilikuwa nakimbia katikati kama simu. "Bwana Shamba, mwambie mwenzangu huko aongeze kina." "Bwana Shamba, mwambie huyo anayesema kina kwamba mimi nina macho." Jua likapanda, jasho likawatoka, mgongo wangu ukaniambia nimestaafu kabla ya barua. Walipobakiza kipande kidogo kati yao, Murunga kwa uchovu akaanza kutupa udongo upande wa chini. Makokha akaona. Akavumilia koleo moja, la pili, halafu akalipuka:

"Juu, wewe! Juu! Hiyo si imeitwa fanya juu? Unafikiri juu ni wapi?"

"Wewe ndio utanifundisha juu?"

"Kwani wewe ulisomanga nini huko shuleni Mukumu, kuhesabu mbao?"

Murunga akamtazama, na ghafla wakaanza kucheka wote wawili, mpaka Makokha akaketi kwenye matope na kofia yake. Nilijua maji yameshindwa hapo hapo, kabla hayajafika. Nikageuka nikajifanya napima.

Mvua kubwa ilikuja, na ilikuja na hasira. Kulipokucha nilichukua gambuti nikaenda kwa miguu, barabara haikuwa ya pikipiki. Nikafuata maji kutoka juu kama nilivyofundishwa. Yakafika kwenye tuta, yakasimama. Wanangu, sijui kama mtapata kuona maji yakisimama mahali ulipoyaambia yasimame. Ni raha ambayo mshahara haujui. Chini ya tuta njia ilikuwa na unyevu tu. Kukhu alikuwa ameketi pale kwenye kigoda chake, hana gunia kichwani, hana mgomba mkononi. Aliniambia amelala usingizi mpaka jogoo akamkasirikia.

Na Murunga alikuwa ananisubiri na malalamiko mapya! "Bwana Shamba, ulipima vibaya. Maji mengi yamebaki kwa Makokha. Na udongo mzuri wote umetulia kwake." Yaani yale maji waliyokuwa wanasukumiana, sasa wanayagombania. Nikamwambia ahsante, hilo ndilo lalamiko nililokuwa nikilitafuta miaka yote.

Nepia ikapandwa kwenye tuta, ikapanda mpaka kiunoni. Makokha akabakiza miwa huko juu tu, chini ya mtaro wakaweka mahindi na maharagwe, mboga za kienyeji zikarudi karibu na jiko. Mke wa Makokha aliniambia kitu ambacho hakuna ripoti inakiuliza: kwamba msimu ule hakutuma mtoto dukani kukopa unga hata mara moja, na hata kelele nyumbani zilipungua. Korongo tulilijaza mawe na majani, likaanza kukamata udongo wake lenyewe. Lilisimama pale lilipofika. Halijasogea.

Baada ya mavuno Kukhu akaniita. Nilijua ni kula, kwa hiyo sikunywa chai asubuhi. Tuliketi sebuleni kwake, wana wawili, wake zao, liguru, na mimi. Ikaletwa obusuma, ugali wetu, inayofuka moshi, ikaletwa ingokho, kuku wa kienyeji, kwenye bakuli kubwa. Sasa mnajua vizuri kama mimi: firigisi ya kuku katika nyumba ya Mluhya ina mwenyewe. Ni ya mwanamume mwenye boma. Mwanamke hata akipika mwenyewe, anaihesabu na kuipeleka mahali pake. Na tangu mzee afariki, Kukhu Rasoa alikuwa hajampa mtu. Wakubwa wa ukoo waliniambia baadaye kwamba kila kuku aliyechinjwa pale, alikuwa anaitoa mwenyewe na kuiweka kando, na wale ndugu kila mmoja alikuwa akingoja siku atakayoitwa.

Akainama kwenye bakuli, akatafuta na mwiko taratibu, akaipata. Makokha akajiweka sawa kwenye kiti. Murunga akaacha kunawa.

Kukhu akaizungusha mezani, akaipitisha mbele ya liguru, mbele ya Makokha, mbele ya Murunga, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Mama," Makokha akasema polepole, "huyo ni mwanamke."

"Huyo ni Bwana Shamba," Kukhu akasema. "Kuleni, obusuma inapoa."

Nilikula yote, na wale wanaume waliniangalia mpaka nikameza.